Mcheza Ing'oma Aliyeitwa Mwizi

Wengine nikiwasimulia hili wanaanza kucheka kabla sijafika katikati. Cheka ukitaka. Ila usiniambie nilikuwa nimelewa, maana usiku ule nilikunywa soda moja na chai ya tangawizi. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, tena chini ya taa kali za jukwaani.

Lilikuwa tamasha la usiku kucha, Kyela mjini. Kulikuwa na ngoma, kwaya, wachekeshaji, wachoraji, na akina mama wa Ikombe wamepanga vyungu vyao kwenye majani. Tulitoka Ipinda watatu: mimi, mdogo wangu Tusekile, na mchumba wake Gwamaka. Gwamaka ni fundi ujenzi, mtu wa kifua na mikono mizito. Ana roho nzuri, lakini umcheke mbele za watu uone.

Mvua ilikuwa imenyesha jioni, uwanja wote tope. Usiku wa manane wakaingia wapiga ing'oma, ngoma yetu ya asili, na hapo ndipo nilipomwona yule mtu. Alicheza katikati ya duara, shati jeupe, suruali nyeupe. Wenzake walikuwa wametapakaa tope mpaka magotini. Yeye nyayo zake zilikuwa kavu kabisa, utafikiri amekanyaga majivu. Nikamgusa Tusekile, "Mwangalie miguu yule."

"Gwe dada! Umekuja kuangalia miguu ya wanaume?" Tukacheka, yakapita.

Yule mtu akazidi kuzunguka, akatoka kwenye duara, bega lake likamgonga Gwamaka. Samaki wa kuchoma aliyekuwa mkononi akaanguka kwenye tope. Gwamaka akamsukuma. Mtu hakutikisika, Gwamaka ndiye aliyekaa chini na suruali yake ya sikukuu. Waliokuwa karibu wakapasuka kicheko.

Akainuka, macho mekundu, akapiga kelele, "Mwizi! Ameniibia simu!"

Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wa Tusekile. Akaitoa, akainyanyua juu, akawa analia, "Hii hapa! Simu hii hapa!" Nani angemsikia? Unajua mwenyewe neno hilo likitamkwa penye watu wengi linafanya nini. Hawakuuliza mwizi wa nini wala wa nani. Walikuja tu.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye nondo. Akampiga yule mtu mguuni kwa nguvu zake zote. Nilisikia mfupa unavunjika, amini usiamini, nilikuwa karibu hivyo. Lakini aliyeanguka alikuwa yule kijana, na mfupa wa mguu wake mwenyewe umetokeza nje ya ngozi. Mwingine akamshushia kigoda kichwani. Kichwa cha mwenye kigoda kikapasuka, damu ikamfunika uso. Mama mmoja akampiga teke la tumbo, akajikunja yeye, akatapika damu kwenye viatu vyangu.

Waliokuwa nyuma hawakuelewa. Waliona watu wanaanguka wakadhani mwizi ana kisu, wakazidi kupiga. Vyungu vya akina mama vikasagika chini ya miguu. Mbavu, meno, vidole, vilivunjika pale kama kuni, na yule mtu amesimama wima, shati lake halina hata doa. Na ngoma, ndugu yangu, ngoma haikunyamaza. Mpaka leo sijui wale wapigaji walikuwa wanaona nini.

Nilimshika Gwamaka kwa nyuma. "Shemeji, acha! Huyo si mtu!" Akanitupa pembeni. Alikuwa ameokota tofali. Akampiga nalo usoni, upande wa kushoto.

Jicho la kushoto la Gwamaka likatoka. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Akapiga magoti, mikono usoni, damu inapita kati ya vidole.

Yule mtu akainama, akamsogelea sikioni, akasema kwa upole kabisa, "Bado upande wa pili. Piga."

Na Gwamaka, Mungu wangu, mkono wake ukawa unalitafuta tofali. Si kwa kupenda, mkono ulikwenda wenyewe, huku yeye analia, "Dada, nishike! Nishike mkono!" Nikaurukia, nikaulalia na mwili wangu wote, na bado ulikuwa unaninyanyua.

"Tata, baba yetu, tunakuomba," nikamwambia yule mtu. "Tusamehe."

Akanishika kwenye kiganja. Baridi yake ilipanda mpaka begani.

"Wewe hukupiga," akasema. "Unaomba nini?"

"Namwomba huyu. Anamwoa mdogo wangu."

Akamtazama Tusekile, ambaye bado alikuwa amenyanyua ile simu, amesahau kuishusha. Akaniachia. "Mchukueni."

Mkono wa Gwamaka ukalegea. Yule mtu akarudi kwenye duara akaendelea kucheza, akacheza mpaka akawa nyuma ya wenzake, na wenzake walipopishana hakuwapo.

Hospitali, asubuhi, majeruhi walijaa mpaka barazani. Polisi wakauliza nani aliwapiga. Kila mmoja akainamisha kichwa. Wapiga ing'oma nao waliulizwa. Wakasema kundi lao lilikuwa kamili, mgeni hawakumwona.

Tusekile na Gwamaka walioana, namshukuru Mungu. Siku ya kanisani bwana harusi alivaa miwani myeusi, na aliponiona alinikumbatia muda mrefu. Sasa ni mpole mno, mpaka inaniumiza. Watoto wakigombana mlangoni yeye anaanza kutetemeka. Mimi kiganja nilichoshikwa hakijui moto tena. Naepua sufuria kwa mkono mtupu, nagundua nimeungua pale ninaposikia harufu ya ngozi yangu.

Nawe unayependa matamasha, nenda, cheza, furahi. Lakini siku utakaposikia "mwizi!" na watu wakaanza kukimbilia upande mmoja, mshike uliyekwenda naye, mkae chini hapohapo, hata kama ni kwenye tope. Atakutukana, mwache akutukane. Usimwachie mkono. Mimi wangu nilichelewa kumshika.