Makadirio ya Vidonge vya Dada

Shemeji yangu amekadiria gharama za majengo kwa miaka thelathini na mmoja. Mtaani wanamwita Kumi Juu, kwa kuwa kila hesabu yake huongezwa asilimia kumi ya dharura. Hata chumvi ya nyumbani huikadiria hivyo, na amestaafu na tabia yake.

Daktari alipomwandikia dada yangu vidonge vya saratani ya mapafu, dada akatoa sharti moja tu.

"Baba watoto, niletee gharama ya mwezi mzima. Ikizidi kodi ya vile vyumba viwili vya uani tunavyopangisha, sivimezi. Sikuzeeka nije niwafilisi."

Dada akisema hivyo, huwa amemaliza. Shemeji akanichukua twende famasi, na futikamba mfukoni, sijui alitaka kupima nini. Kidonge kimoja kwa siku, wiki tatu mfululizo, wiki moja ya kupumzika. Akatoa sehemu ya bima, akaongeza vipimo vya damu na nauli. Jumla ilizidi kodi kwa asilimia nane. Akapiga mstari chini ya jumla. Ile kumi hakuiongeza.

Nyumbani dada akavaa miwani, akasoma, akacheka.

"Nakujua wewe! Hapa umeshapachika kumi yako. Nikiitoa, mbona kodi inatosha na chenji inabaki? Nitavimeza."

Nikamtazama shemeji. Mtu anayewasahihisha hata wahubiri wakikosea hesabu aliomba chai tu. Kesho yake akarudi saiti kuhesabu matofali, eti nyumbani anachoka kukaa bure. Nami mdomo nikaufunga, na sijutii.

Jioni alipotoka saiti tulikwenda kuchukua pakiti ya kwanza. Shemeji akafungua daftari lake na kumuuliza mfamasia, binti mpole mwenye koti jeupe:

"Sijaandika muda. Kazi hii inaisha lini?"

"Haina tarehe, baba. Mama atavimeza maadamu vinamsaidia. Siku vikishindwa, tutaacha."

Huyu ndiye mzee aliyewafokea makandarasi maisha yake yote kwa kuchelewesha kazi hata wiki moja. Akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Basi naomba ichelewe," akasema.

Mimi nikageukia rafu ya dawa za meno, nikalia.