Dole Gumba la Mzee Chilumba

Vaa hedifoni, mwanangu, unisikilize. Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye studio ndogo ya Nachingwea, Fundi Mkuu alinikabidhi waya wa maikrofoni. "Uzungushe taratibu," akasema. "Ukiukunja, umeuua." Nilizungusha waya muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kugusa kompyuta.

Baadaye nilihamia Ruangwa, chini ya Msimamizi wa Studio, mama mkali aliyependa utani. Huko ndiko alikotujia Mzee Chilumba wa Matambarale, mpiga gitaa wa kwaya. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, naye alitaka wimbo wake mmoja urekodiwe kabla havijagoma kabisa.

Alipiga kwa mtindo wa zamani: dole gumba linashika besi, vidole vingine vinaimba juu. Ila kuna noti moja, kila gumba lilipoigusa kwenye uzi mnene, ilivuma hadi kufunika wimbo.

"Kata besi," Msimamizi akaagiza. Nikapunguza sauti zote nzito kwenye rekodi, tukamchezea mzee asikilize.

Akautazama mkono wake. "Gumba langu mmelipeleka wapi? Hili ni gitaa la mtu aliyekatwa kidole!"

"Babu, lilikuwa linanguruma kama trekta," nikajitetea.

"Basi lizuieni likinguruma. Likisema kwa adabu, liacheni liseme."

Msimamizi akacheka, akanigeukia. "Umemsikia. Fungua ile ya mafungu."

Alimaanisha kompresa ya mafungu, programu ya kompyuta ya kudhibiti ukubwa wa sauti. Kompresa ya kawaida hushusha sauti nzima inapovuka kipimo ulichoweka. Hii huigawa sauti kwanza: chini, kati na juu, kila fungu na kipimo chake. Niligusa fungu la chini tu. Kipimo nikakiweka juu kidogo ya noti zake za kawaida, ili ile inayovuma ishushwe peke yake, tena kwa kiasi. Vidole vya juu vikaendelea kuimba kama alivyovipiga.

"Huyo!" Mzee akasema, akigonga goti kwa gumba. "Huyo ndiye mimi."

Sasa nimestaafu, naye hapigi tena. Wajukuu zake wanajifunzia rekodi ile. Nikipita kwao nawakuta wakibishana, "Gumba, gumba, hujasikia babu anavyofanya?"

Kwa hiyo ukikuta gitaa linavuma, usikimbilie kukata besi. Tafuta noti inayozidi, shusha fungu lake pale tu inapozidi, kisha mwite mwenye gitaa asikilize.