Baba Alipokuwa Maiti wa Bendi

Harufu ya masizi yaliyochanganywa na mafuta ya mawese bado hunirudisha uani kwetu Nsemulwa, mjini Mpanda, ambako baba alijipaka uso kila Jumapili mchana kabla ya kwenda kupiga muziki kwenye ukumbi wa Shanwe. Mimi nilimshikia kioo. Bendi yao ilianza kwa kuiga roki ya Wazungu kutoka kwenye kanda zilizokuja na treni: magitaa yanakwaruza, nyuso zimechorwa nyeusi na nyeupe. Baba, mpiga ngoma wao, aliingizwa ukumbini ndani ya jeneza la mbao, kisha akafufuka katikati ya wimbo wa kwanza. Watu walicheka mpaka machozi, nami nikajiona binti wa mfalme.

Lakini ngoma ivumayo haidumu. Nilipokuwa darasa la tano misiba ilizidi. Wiki haikupita bila maziko, na seremala wa mtaani kwetu aliacha kutengeneza vitanda. Jeneza likaacha kuchekesha. Bendi ikafuta rangi usoni, ikageukia rumba ya taratibu, ikanunua kinanda chenye midundo ya ngoma ndani yake. Kiongozi wao, Mzee Kashindye, alikuja nyumbani akamwambia baba kwa upole kwamba sasa apumzike. Baba alikuwa amekonda, kikohozi hakimwachi, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja, ingawa sote tulijua kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimchukia Kashindye, nikakichukia na kinanda chake. Mama alimsihi baba akubali yaishe.

"Mama Stela," baba alimjibu, "wakinitoa kwenye jeneza lile, kilichobaki ni kuingia langu."

Jumapili iliyofuata alijipaka masizi kama kawaida, akawabembeleza wenzake wambebe mara moja tu, ya mwisho. Wakambeba. Alipoinuka hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa amemzika mwanawe juzi yake alianza kulia, na ukumbi mzima ukamfuata. Baba alibaki amesimama akitabasamu, akisubiri makofi. Nilitamani ardhi inimeze. Tulimzika kabla mpunga haujavunwa.

Leo muziki wa Mpanda unatoka kwenye spika za bajaji, wala hauhitaji bendi. Hilo silisikitikii sana. Linaloniuma ni jirani yangu, mwenye ugonjwa uleule wa baba. Kila asubuhi anameza kidonge chake, anajifunga kanga, anachukua jembe na kwenda shambani, na jioni ananisimulia habari za wajukuu. Ninamfurahia kwa moyo wote, kisha ninaingia ndani kulia. Baba alipungukiwa miaka michache tu kukifikia kidonge hicho.