Usukani wa Lori la Baba

Enzi zetu pale mtaani Mbotela, Jumamosi ilikuwa siku ya kufua kila kitu. Yunifomu zilifuliwa, mapazia yalifuliwa, sisi wenyewe tulisuguliwa visigino kwa jiwe mpaka vikang'aa, na kwetu, baada ya hayo yote, lilifuliwa lori. Sisemi kuoshwa kwa nje, maana hilo mtoto yeyote mwenye ndoo angeliweza. Baba alilifua kwa ndani, kwenye mipira ya kupitishia oili na kopo la oili ya stiaringi, ile inayoufanya usukani uwe mwepesi. Nilikua nikidhani kila nyumba duniani ina karai moja la nguo na jingine la oili chafu. Nilipoolewa nikakuta karai moja tu, nilishangaa kwelikweli.

Baba alikuwa dereva wa lori la mbao. Tajiri wake alimwamini, kwa hiyo lilikuwa likilala kwetu, nje ya dirisha la jikoni, likiwazibia jua majirani wa pande zote. Hakuna aliyelalamika. Mtu akihama, Baba ndiye aliyembebea kitanda na kabati. Kukiwa na harusi, kwaya nzima ilipanda nyuma na kuimba mpaka kanisani. Miaka ilipopita na tajiri akafunga yadi yake, lori lilibaki kwa Baba, naye akaendelea kubeba mbao, mchanga na chochote kile ambacho watu wa Eastlands walitaka kibebwe.

Kazi yenyewe ya stiaringi ilikuwa na adabu zake. Baba alivua saa akampa Mama, na tangu hapo haikuruhusiwa kumtuma dukani. Aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akayakitia magogo, akafungua boneti. Kabla hajagusa kifuniko cha kopo la oili alilisugua lote kwa brashi na mafuta ya taa, kwa sababu, alisema, chembe ya mchanga ikiingia mle itaenda kula pampu. Kisha alichomoa mpira unaorudisha oili kwenye kopo, akauelekeza kwenye karai, na ile oili ya zamani ikaanza kuchuruzika, nyeusi kama masizi ya sufuria, na harufu ya kuungua. Sisi watoto tuliipenda harufu ile. Tuliacha michezo yetu, bano na kati, tukaja kuchuchumaa kando ya karai na kunusa, jambo ambalo leo lingetufanya tupelekwe hospitali mbio.

Oili haitoki yote yenyewe. Ni lazima mtu azungushe usukani, polepole, kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, ndipo ile iliyojificha ndani isukumwe nje. Mtu huyo alikuwa mimi, pamoja na kaka yangu Kioko. Tulipanda kule juu tukiwa pekupeku, miguu isije ikachafua kiti. Usukani ulikuwa mpana kuliko ungo wa Mama, nao ulikuwa mzito, jamani! Mmoja alining'inia upande huu, mwenzake akausukuma kwa bega upande ule, mishipa ya shingo ikitutoka. Baba alikuwa chini akimimina oili mpya, ile nyekundu, na kutuamuru: "Kushoto! Polepole, si mashindano. Haya, kulia!" Wakati mwingine alichoka kutungojea, akaingiza mkono mmoja dirishani na kuuzungusha kwa kiganja tu, huku akiongea na jirani. Tulitazamana na Kioko tukabaki mdomo wazi. Nilijua hakuna mwanamume mwenye nguvu zaidi yake kuanzia Jogoo Road hadi mwisho wa dunia, na sikuona haja ya kuuliza mtu mwingine.

Oili ikianza kutoka safi, mpira ulirudishwa, klipu ikakazwa, kopo likajazwa hadi kwenye alama. Tukazungusha tena ili hewa itoke, naye Baba akiyakodolea macho mapovu kule ndani mpaka yaishe. Mwisho lori lilishushwa, injini ikawashwa, na hapo ndipo palipokuwa na utamu wote. Kioko alikuwa na haraka ya kurudi kwenye bano, kwa hiyo mara nyingi nilibaki peke yangu kwenye usukani. Baba alisimama mbele, mikono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika mlolongo mzima wa nyumba:

"Mwende! Mzito au mwepesi?"

"Mwepesi, Baba!"

"Usinifurahishe. Sema ukweli. Barabarani kuna watu."

Nilizungusha tena, kwa uangalifu, na kweli ulikuwa mwepesi. Kidude kilekile kilichonitoa jasho sasa kilinitii mimi, msichana wa kaptura yenye viraka. Nikarudia jibu langu. Ndipo alipopanda, akanisogeza kando na kunizungusha mtaa mzima hadi kwa muuza mandazi, na kila mtoto tuliyempita alitamani baba yake awe dereva.

Kulikuwa na Jumamosi moja ambayo haitasahaulika pale kwetu. Oili mpya ilikuja kwenye debe lililoshika kutu, na Baba, kwa kuogopa vumbi la kutu lisiingie kwenye pampu, aliingia jikoni akachukua kichungi cha chai. Aliichuja oili vizuri, akakipangusa kichungi kwa kitambaa, akakirudisha kwenye msumari wake. Alasiri Mama akatembelewa na kina mama wa kanisa. Chai ikaandaliwa, ikachujwa, ikanywewa. Mimi niliyekuwa nikipitisha vikombe niliona vijiduara vyekundu vikielea juu ya maziwa, lakini nani angesema mbele ya wageni? Mama Achieng, jirani yetu wa kutoka Siaya, aliomba kikombe cha pili.

"Mama Mwende," akasema, "hii majani ni gani? Inateleza poa sana kwa koo."

Mama aliinusa chai, akatazama dirishani, akaliona debe. Hakupiga kelele. Alimwita Baba kwa jina lake la ubatizo, jambo alilofanya tu mambo yakiwa yameharibika kabisa. Namshukuru Mungu hakuna aliyeugua. Kesho yake Baba alinunua kichungi chake mwenyewe, akakifunga kwa waya kando ya kioo cha lori, na tangu siku hiyo hakikukanyaga jikoni kwetu.

Vijana wa sasa wana bahati na hawajui. Binti yangu ana kigari ambacho usukani wake unageuka kwa kidole, na taa ikiwaka kwenye dashibodi yeye huipiga picha akaituma kwa fundi. Nilipomwuliza kopo la oili ya stiaringi liko wapi, aliniambia, "Mathe, hii haina. Hata nikifungua boneti sioni kitu ya kushika." Nilikwenda kuhakikisha. Ni kweli haina! Nilisimama pale nikitafuta kitu cha kusafisha nikakosa, nikafunga.

Mimi mwenyewe huendesha basi la shule na naishi mtaa wa Lucky Summer, kwa hiyo ya Mbotela nayasikia kwa simu. Mwezi uliopita Mama alinipigia akiwa amefadhaika.

"Mwende, kuja Jumamosi. Baba yako amegonga kibanda ya Mama Achieng."

Nilikaa chini palepale. Baba? Mtu ambaye miaka yake yote barabarani hajawahi kukanyaga hata kuku? Mama akaeleza kwamba alikuwa akikata kona ya kuingilia mtaani, usukani ukamkatalia katikati, lori likaendelea moja kwa moja mpaka likabomoa nguzo ya kile kibanda cha mboga. Mama Achieng alikuwa ameenda tu kuchota maji. Angalikuwa ameketi kwenye kigoda chake kama kawaida, tungalikuwa tunaongea habari nyingine. Tangu siku ile Baba alikuwa akifua stiaringi asubuhi na jioni, kisha anatoka tena na lori. Mafundi waliliangalia wakasema ni zima. Akawafukuza akiwaita wezi. Kioko alipomwomba apumzike, hakujibiwa hata salamu.

"Shida ni mpira ya zamani," Mama akasema, ingawa sauti yake haikuwa na uhakika. "Ama ni pampu. Si wewe unajua hizi vitu?"

Basi nilifika na mpira mpya, klipu na chupa ya oili. Nilimkuta ameshainua magurudumu. Saa alikuwa amekwisha kumpa Mama. Kichungi kilikuwa palepale kando ya kioo, kimeshika kutu kidogo pembeni. Tulifanya kazi yote kwa utaratibu ule ule: brashi na mafuta ya taa, karai, mpira mpya, oili nyekundu. Kilichonishtua kwanza ni karai. Ile oili iliyotoka ilikuwa safi kabisa, nyekundu kama iliyotoka dukani leo. Pampu haikuwa na tone la kuvuja na mkanda wake ulikuwa umekazika. Nikajiambia labda ni hewa imeingia.

Tukashusha lori. Baba akawasha injini, akashuka taratibu akishikilia mlango, akanipisha nipande. Nilivua viatu bila kufikiri. Yeye akaenda kusimama mbele, boneti wazi, akiinamia kopo kutafuta mapovu.

Niliushika usukani kwa mikono miwili, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nikauvuta kushoto. Ukaenda wote, mpaka mwisho, bila hata kulalamika. Nikaurudisha kulia kwa mkono mmoja. Nikauzungusha kwa kiganja, vile yeye alivyokuwa akifanya. Basi langu la shule lina usukani mzito kuliko ule.

Nilichungulia dirishani nikamtazama: mabega yamekuwa membamba ndani ya ovaroli, mikono ikishikilia ukingo wa boneti na kutetemeka kidogo, macho kwenye kopo lisilokuwa na povu hata moja. Lori halikuwa na ugonjwa wowote. Nilitamani kulia, na wakati huohuo nilikuwa na hasira, sijui hata na nani.

"Mwende!" akaita. "Mzito au mwepesi?"

Mama alikuwa ametokea mlangoni, saa ya Baba mkononi. Nami nilikuwa na majibu mawili. Ningesema mzito, angefurahi, angewalaani mafundi, tungebadilisha pampu, na Jumatatu angerudi barabarani na mikono ile. Yule mwanamke aliyesifia chai yetu alikuwa ng'ambo ya njia, kwenye kibanda chenye nguzo mpya, akikata sukuma wiki.

"Mwepesi, Baba."

Alinyanyua kichwa. "Usinifurahishe."

"Sikufurahishi. Ni mwepesi."

"Zungusha nione."

Nilizungusha kwa mkono mmoja, na ule mwingine nikautoa dirishani ili auone. Magurudumu yakageuka mbele yake, kushoto, kulia, kushoto. Aliyatazama. Kisha akatazama viganja vyake, akavipangusa kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, ingawa havikuwa vichafu sana. Akafunga boneti. Nilidhani ataniambia nishuke. Nilikuwa tayari hata kutukanwa.

Alizunguka lori kwa nyuma, akafungua mlango wa kushoto, ule wa abiria, ambao sikuwahi kumwona akiutumia. Alipata shida kupanda, na sikuthubutu kumsaidia. Akakaa, akafunga mlango.

"Barabarani kuna watu," akasema. "Endesha."

Siku zile kulikuwa na watoto wakitukimbilia nyuma, na mandazi yalikuwa ya moto. Sasa wale watoto ni watu wazima waliotawanyika hadi Kware na mbali zaidi, wa leo wamekaa kwenye ngazi na simu zao, na muuza mandazi alishafariki. Aliyetushangaa ni Mama Achieng peke yake, ambaye alisimama na kisu chake cha mboga akaenda kukinga nguzo kwa mwili wake. Nilipoanza kuikata ile kona, Baba aliniambia nipunguze mwendo. Nilikuwa nimeshapunguza, lakini nikapunguza tena.