Breki Kama ya Wafula

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo hainitoki akilini hadi leo. Ilikuwa miaka ya tisini, nikiishi mtaa wa Mbotela, na kazi yangu ilikuwa kuwabebea wafanyabiashara wa soko la Gikomba marobota ya mitumba hadi Narok kwa pikapu yangu ya dizeli. Asubuhi hiyo jirani yangu Wafula, aliyekuwa na pikapu na kazi kama yangu, aliingia mtaani gari likitoa mlio wa "psssss" hadi watoto wakaacha mpira wao.

"Maze, umeiskia?" akaniuliza, kichwa nje ya dirisha. "Breki ya ekzosi hiyo!"

Niliisikia, na ikaniuma. Breki hiyo hubana moshi kwenye bomba dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, na injini yenyewe ikalishika gari lisiporomoke mteremkoni. Lakini mimi mteremko sikuuwaza. Kabla ya mwezi kuisha, Mama Akoth, mteja wangu mkubwa aliyesafiri na mzigo wake, alihamishia marobota yake kwa Wafula, na mimi nikajua ni ule mlio uliomchukua.

Niliona wivu, mwanangu, wala sitautafutia jina zuri zaidi. Nikimsikia Wafula akipita, niliacha sahani na kwenda kufunga dirisha. Mke wangu akimsalimia mke wake tu, nilinuna hadi jioni.

Basi nikaenda Kariobangi kwa Mzee Kariuki, fundi mwenye mvi kichwa kizima. Palikuwa na breki kubwa iliyotolewa kwenye lori, nikaishika kabla hata ya kumwamkia.

"Hii. Nataka ilie kuliko ya Wafula."

"Gari yako hubeba mzigo gani?" akauliza.

"Wafula hubeba marobota kama mimi."

"Na injini yako ina hali gani?"

"Ya Wafula ni mpya, lakini yangu haijashindwa."

Mzee akaweka spana chini. "Kijana, nauliza gari yako, unanijibu Wafula. Sasa nimfungie nani breki, wewe ama yeye? Hii ya lori inataka mtungi wa hewa wa kuisukuma. Uko nao? Na ikibana moshi kushinda nguvu ya springi zinazofunga valvu zako, umeua injini. Uende Narok na punda."

Vijana wa gereji wakacheka. Nilitamani kuondoka, ila wivu ulinibakisha pale.

Alinifungia nyingine, ndogo, inayolingana na injini yangu. Kisha akafungua magurudumu na kubadilisha breki za kawaida, akisema ile ya ekzosi ni ya kuzisaidia, si ya kukaa mahali pake. Nilipoijaribu, haikulia hata kidogo. Nilirudi Mbotela nimekasirika kama mtu aliyeibiwa.

Safari iliyofuata, gari la Wafula lilikuwa limejaa, Mama Akoth akapanda langu shingo upande. Tukateremka ule mteremko mkali wa kuelekea Mai Mahiu, kwenye njia ya Narok, mzigo ukitusukuma, nami nikaondoa mguu kwenye mafuta. Gari likatulia. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, na kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyoiachia kidogo kidogo.

"Leo sijasikia harufu ya breki kuungua," akasema tulipofika chini. "Hiyo harufu ndiyo ilinitoa kwako. Nilikuwa nikifika hapa nikimwomba Mungu, na nina watoto wanaoningoja."

"Si ule mlio wa Wafula?"

"Mlio? Ule huniumiza kichwa. Wewe nilikuwa nikikwambia uende polepole, unaongeza redio."

Nikanyoosha mkono nikaizima redio. Marobota yake yalirudi kwangu, na Jumapili moja nikamkuta Wafula amelala chini ya pikapu yangu, akichungulia nimefunga nini. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mwanangu, ukichagua kifaa cha gari, anza na gari lako: injini yake, mzigo wake, barabara yake. Usichague kwa kumkodolea macho jirani. Na mtu akikuacha akaenda kwa mwingine, kabla hujamchukia huyo mwingine, muulize aliyekuacha alikuwa akiogopa nini alipokuwa nawe. Mola akupe masikio ya kumsikia aliyeketi kando yako, na kila mteremko uumalize na watu wako wakiwa wazima.