Twiga wa Shilingi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka uso hunipata moto mpaka leo. Nilisimama mbele ya darasa la chuo, mtu mzima na miwani yangu, bibi mwenye wajukuu, nikasoma matokeo ya utafiti wangu kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote. Nilipomaliza, mwalimu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alikuna kidevu kisha akaniuliza kwa upole, "Mama Zuhura, hawa uliowauliza ni watu au ni malaika?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikarudi kukaa, nimevimba kwa hasira, nikajifanya natafuta kalamu mkobani.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia unataka kuliacha somo la takwimu. Ati unasema wewe utakuwa mwalimu wa watoto, basi hesabu zile za nini? Hebu kaa. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, tena kwa kelele kuliko wewe.

Ujana wangu wa kwanza niliutumia kwenye chekechea moja pale Bondeni, nikifundisha watoto kuhesabu vifuniko vya soda na kufunga viatu. Ujana wangu wa pili ulinijia nikiwa na miaka hamsini na minane, wenye shule walipotaka kila mwalimu awe na diploma. Nikanunua mkoba, nikajiandikisha chuo cha hapa hapa kisiwani, nikakaa dawati moja na mabinti wa rika la wajukuu zangu. Wakawa wananiita Mama, wananiwekea kiti karibu na feni. Masomo yote niliyaweza. Malezi niliyaweza, saikolojia niliiweza, hata kompyuta tulizoeana. Lakini hii takwimu, wallahi, ilinikosesha usingizi.

Mwalimu wake alikuwa Bwana Mutua, mtu wa bara, aliyekuja Mombasa kwa kazi. Alikuwa amepanga chumba Likoni, kwa hivyo kila jioni utamwona anakimbilia Feri na mfuko wa karatasi zetu kwapani. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kimenyooka kama rula, na mimi nilikuwa nikimtania kwacho. Siku ya kwanza alitufundisha wastani. Nikamuuliza, "Mwalimu, mimi nina miaka hamsini na minane, mjukuu wangu ana minne. Wastani wetu ni mtu wa miaka thelathini na moja. Huyo yuko wapi nyumbani kwangu, nimpikie?" Wakacheka. Naye akacheka, akasema, "Hayupo, Mama. Ndiyo sababu hatuishii kwenye wastani." Sikumwelewa. Nilidhani amekosa jibu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Chekecheani kwetu, kila siku saa nne asubuhi, watoto walikuwa wakinywa uji. Unga alikuwa akitupa Bwana Salim, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye duka la nafaka upande wa soko la Marikiti. Mtu mwema, Mungu amzidishie. Lakini paa letu lilikuwa linavuja, na alipokuja akaona tumetega ndoo katikati ya darasa, roho ilimuuma. Akaniambia, "Mwalimu Zuhura, nasikia unasomea takwimu. Basi hebu tupe takwimu. Ikiwa watoto hawa wanakunywa chai majumbani mwao kabla ya kuja, basi huu uji ni wa anasa. Nitaacha kuleta unga, ninunue mabati."

Nikaona rahisi tu. Na Bwana Mutua alikuwa ametupa kazi ya kwenda kuuliza watu swali moja na kuleta majibu. Nikasema, leo nitaua ndege wawili kwa jiwe moja. Nikavaa buibui langu zuri, nikatia udi, nikaenda nyumba kwa nyumba, Bondeni mpaka vichochoro vya Mji wa Kale, kwa mama wa kila mtoto wa darasani kwangu.

Na wewe wajua hodi zetu zilivyo. Sabalkheri, muna hali gani, wazee hawajambo, watoto hawajambo, na yule aliyekuwa akiumwa mgongo. Nitandikiwe mkeka, niletewe kahawa, niombwe radhi kwamba nyumba haikufagiwa na hali inang'aa. Ndipo niulize, "Na mtoto, asubuhi hula kabla ya kuja shule?"

"Hula, Bi, alhamdulillah. Tena husaza."

Nyumba ya pili, hula. Nyumba ya tatu, hula mpaka hukataa. Nikafika kwa Mwanaisha, mama wa binti mmoja mdogo mwenye vishimo vya mashavu, anayekaa ghorofani juu ya fundi cherehani. Naye akanijibu, "Hula sana, Bi," na huku anavuta pazia la jikoni kwa mguu, kidogo kidogo, mpaka likaziba. Niliuona mguu ule. Niliuona, nikanywa kahawa yangu, nikaaga.

Jioni nikampitia Bwana Salim dukani, nikamwambia wote wanakula, hakuna hata mmoja anayelala na njaa wala kuamka nayo. Akanyanyua mikono akashukuru. "Basi mwezi ujao mabati, inshallah." Nikaenda zangu nyumbani nimefurahi, najiona mtafiti.

Na kesho yake ndiyo hiyo siku ya malaika.

Darasa lilipotoka, Bwana Mutua aliniomba nibaki. Mimi nikamuwahi. "Mwalimu, umenitia aibu mbele ya watoto. Watu wa mtaa wangu si waongo. Nimezaliwa nao, nimewazika wazee wao. Wewe umekuja juzi tu."

Hakukasirika. Angelikasirika ningeliona afadhali. Alikaa juu ya dawati akaniuliza, "Mama, tuseme leo asubuhi hukuwa na kitu ndani ya nyumba, hata majani ya chai. Mimi nikapiga hodi. Nikakuuliza, Mama Zuhura, umekunywa chai? Ungenijibu nini?"

Nikavua miwani, nikaifuta kwa ncha ya buibui.

"Ungenijibu nini, Mama?"

"Ningekujibu nimekunywa, alhamdulillah," nikasema. "Kisha ningemtuma mtoto kwa jirani akakuombee majani, nikupikie wewe."

"Basi sikusema wao ni waongo," akasema. "Wamekujibu kwa heshima, kama ambavyo ungenijibu mimi. Kosa liko kwenye swali. Mwenye nyumba yangu kule Likoni ni bibi wa Kiswahili, na neno alilonifundisha la kwanza ni sitara. Swali lako lilikosa sitara, Mama. Uliwataka wajivue mbele ya mgeni, nao wakajifunika."

Mwanangu, mguu wa Mwanaisha ulinirudia mbele ya macho, na lile pazia. Nikawakumbuka na watoto wangu saa nne asubuhi, wanavyoacha kila kitu wakisikia mfuniko wa sufuria, na wale wanaorudi na kikombe mara ya pili na ya tatu bila kusema neno. Miaka yote nimewaona, na bado nilikwenda kuamini karatasi niliyoiandika mwenyewe. Na ule uji, mimi kwa mkono wangu, ndio kwanza nimeuondoa. Nikalia pale pale, mtu mzima. Nikamweleza habari ya mabati.

Akanipa kitambaa chake. Akasema, "Mabati hayajanunuliwa bado. Tuulize upya." Akatoa shilingi moja mfukoni, ile yenye twiga upande mmoja na ngao upande wa pili.

Mpango wake ulikuwa hivi, na nakuomba uusikilize vizuri, maana ni somo lenyewe hili unalotaka kulikimbia. Kila mama apewe shilingi. Ageukie kona peke yake, airushe chini ya buibui, aione yeye tu. Akipata twiga, aseme "ndiyo", hata kama mwanawe ameshiba hawezi kuinama. Akipata ngao, ajibu ukweli wake: je, wiki hii kuna siku mtoto alitoka nyumbani bila kutia kitu tumboni? Basi. Mama akisema "ndiyo", hakuna ajuaye kama ni njaa au ni twiga. Uso wake umesalimika.

"Ebo!" nikasema. "Hiyo si kamari, mwalimu?"

"Kamari mtu hushinda au hushindwa. Hapa hakuna anayepoteza kitu."

"Na sisi tutajuaje sasa, ikiwa hatujui?"

"Hatutamjua mtu. Lakini shilingi tunaijua tabia yake. Wakirusha watu wengi, karibu nusu yao watapata twiga. Hao uwatoe. Katika nusu iliyobaki, kila 'ndiyo' utakayosikia ni ukweli mtupu."

Nilimfanya anieleze tena na tena, mpaka akakaribia kukosa feri. Nilipoelewa, nilihisi kama mtu aliyewashiwa taa chumbani.

Ijumaa mama zao walipokuja kuwachukua watoto niliwazuia kidogo. Nikawaeleza. Jamani, kicheko! Mmoja akasema, "Bi Zuhura chuo kimemvuruga, sasa atufunza kurusha shilingi." Lakini walikubali. Walisimama kila mmoja na ukuta wake, mabuibui yanatikisika, wananong'ona na shilingi kama wanaomba dua. Kisha wakaja mmoja mmoja. Na kila "ndiyo" ilisemwa kwa sauti ya kawaida kabisa, mtu ananitazama machoni. Walikuwa wamejifunika, kwa hivyo waliweza kusema.

Nilifanya hesabu peke yangu darasani. Katika kila mama wanne, watatu walisema ndiyo. Toa wawili wa twiga. Wamebaki wawili, na mmoja wao amesema ndiyo kwa ukweli. Nusu, mwanangu. Nusu ya watoto wangu walikuwa na asubuhi za namna hiyo, na mimi nilikwenda kutangaza kwamba hakuna hata mmoja.

Sikungoja. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Salim, nikamwambia matokeo yangu ya kwanza yalikuwa mabovu na kosa ni langu. Nikamweleza habari ya twiga mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza ana choroko kiganjani. Akasema, "Nani hao? Nitajie nyumba zao, niwapelekee wenyewe."

"Siwajui."

"Umewauliza na huwajui?"

"Siwajui, wala wewe hutawajua. Ndiyo maana wamesema."

Kisha akazirudisha zile choroko guniani polepole, akamwita msaidizi wake, akamwambia unga wa shule usikatwe, na uongezwe, na sukari iende pamoja nao. Kuhusu paa akaniambia, "Mabati yatangoja. Ndoo mnazo." Tulikuwa nazo, na mvua za mwaka ule tulifundisha watoto kuhesabu kwa matone.

Somo nilifaulu. Si kwa alama za kujisifu, lakini niliipokea karatasi ile nikapiga kigelegele ukumbini, na wale mabinti wakanipokea mpaka mkuu wa chuo akatoka nje kuuliza nani anaolewa. Bwana Mutua alisimama mlangoni anacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, Mungu akuweke." Kumwita mwalimu hakukuja ulimini siku ile.

Baada ya hapo, asubuhi moja, Mwanaisha alimleta binti yake shuleni akanivuta kando. "Bi, nilisahau kukurudishia shilingi yako." Akanitia kiganjani, twiga yuko juu. Akatabasamu. "Mimi alinitokea huyu." Nikamwambia, "Vyema." Sikumuuliza neno. Huenda ni kweli alimtokea, na huenda pazia lile lilikuwa limeziba jiko baridi. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba saa nne ilipofika binti yake alikunywa uji kama wenzake, akarudi na kikombe, nikamjazia.

Basi nakuusia, mwanangu. Somo hili usiliache. Likikushinda leo, mwendee mwalimu, kaa naye, muulize mpaka achoke yeye, usichoke wewe. Umri mdogo wa mtu usikuzuie kumsikiliza. Mimi karibu uji wa watoto unipotee kwa kiburi hicho. Na utakapokuwa mwalimu, ukiona majibu ya watu wote yamefanana, usifurahi haraka. Jiulize kwanza umewauliza vipi, na kama umewaachia nafasi ya kusema kweli bila kuaibika. Na jicho lako likiona kitu, mguu unaovuta pazia, usilinyamazishe kwa sababu karatasi imesema vingine.

Nenda kesho ukakae dawati la mbele, karibu na feni. Shilingi yenyewe hii hapa, ichukue. Mungu akufungulie akili kama alivyonifungulia mimi nikiwa mtu mzima, akupe macho ya kuwaona watoto wako wote, na akupe ulimi usiomtaja hata mmoja wao. Amin.