Jiwe la Mlangoni Kwetu Panda

Ile siku baba alipofunga vitabu vyangu kwa kamba, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya maharagwe yaliyoungua, maana mama aliacha chungu motoni akaja kusimama katikati yetu.

Nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari. Tulikaa kambi ya wafanyakazi hapa Panda, na baba alichimba shaba kwenye mgodi wa Kamatanda. Mwalimu wetu wa biolojia, kijana mmoja wa Kikasai aliyeitwa Kabeya, alikuwa ametufundisha kwamba uhai ulianzia majini, kwa vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwamba wazao wao walibadilika kidogo kidogo, kizazi kwa kizazi, mpaka tukapatikana sisi. Nami, kwa mdomo wangu huu unaoujua, nikayamwaga yote mezani.

"Balitoa musalaba ku masomo," baba akasema. "Balitoa jina yangu ya ubatizo. Sasa banataka kutoa na Mungu? Weye hautarudia kule!"

Usimcheke baba yangu. Miaka ile serikali ilikataza kweli majina ya ubatizo, somo la dini likafutwa, misalaba ikateremshwa ukutani. Mtu aliyekwisha kunyang'anywa jina lake ataamini nini kinachotoka shuleni? Aliogopa, basi. Mimi sikuona woga, niliona ukali tu, nikalia mpaka kamasi. Msichana aliyetolewa shule kambini alitafutiwa mume upesi, na mimi nilitaka kusoma, jamani, nilitaka kusoma kuliko kula.

Jumapili baada ya misa Mwalimu Kabeya, aliyeona sipo darasani, akaja. Mama hakumuuliza amefuata nini. Aliwaandalia bukari, ugali wetu huu, na sombe ya majani ya muhogo, wakala yeye na baba sahani moja, maana kwetu mgeni hasemi jambo zito kabla hajala. Walipokwisha kunawa, Mwalimu akanyoosha kidole mlangoni.

"Papa, ile jiwe uliokota wapi?"

Lilikuwa jiwe la kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Baba alilileta kwa ajili ya urembo wake tu: mistari iliyopindana, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa.

"Kule Kamatanda. Iko mingi. Tunaitupa tu, haina shaba."

Mwalimu akatuita sote kwenye pipa la maji ya mvua. Ndani yake kulikuwa na utelezi wa kijani ambao mama alinigombeza kila mara niusugue. Jua lilikuwa kali, na vipovu vidogo vilikuwa vinapanda kutoka kwenye utelezi ule.

"Hii iko muzima, Papa. Zamani sana, hapa kwetu kulikuwa bahari. Vitu vidogo kama hii njo vilijenga ile jiwe. Si vya kwanza kabisa, ni bajukuu ya vile vya kwanza. Na hewa yenye tunavuta leo, ile jamaa yao njo ilianza kuileta."

Baba akakohoa kwanza, kwa sababu vumbi la mawe lilikuwa limeshakaa kifuani mwake. Kisha akauliza taratibu, "Na kile cha kwanza kabisa, nani njo alikitia uhai?"

Jibu moja tu la kujidai, na mimi nimekwisha.

Mwalimu akajipangusa mikono kwenye suruali. "Papa, ile miye sijue. Na benye kuandika vitabu, nabo bangali banatafuta."

Loo, mwanangu! Miaka ile redio ilijua kila kitu, wakubwa wa chama walijua kila kitu, msimamizi wa kambi alijua hata nani amepika nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutuambia hajui. Baba akamtazama kijana yule, akaingia ndani, akatoka na vitabu vyangu. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno.

"Muntu mwenye kusema sijue anaweza kunifundishia mutoto," akamwambia mama. Akanigeukia. "Kesho, ku masomo. Na ile pipa, usiisugue tena."

Nimefundisha biolojia mpaka nimezeeka. Baba hakukosa misa hadi kifua kilipomshinda. Jiwe lile nililiweka kwenye kaburi lake, kichwani, na nililia kwa uchungu: dunia nzima inapata hewa, baba yangu akaikosa.

Sasa wewe. Umerudi kutoka chuo na elimu yako, na juzi nimekusikia unamwita baba yako mjinga kwa sababu anaamini habari za Adamu. Ilinichoma. Elimu yako ni ya kweli, mimi mwenyewe nimeifundisha. Lakini usimpokonye mtu Mungu wake ili umwonyeshe jiwe. Mwonyeshe jiwe, na mahali ujuzi wako unapoishia, mwambie hujui, wala usione haya. Hapo ndipo atakapokusikiliza.

Mungu akupe kifua kizima, mwanangu, akuzidishie akili, na neno lako lipokelewe kila nyumba utakayoingia. Bukari iko tayari. Nenda kamwite baba yako, mle sahani moja.